Anime na Utamaduni wa Kijapani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujitokeza kila mara watu wanapozungumzia katuni za Kijapani: wanaozipenda, wasiozielewa, na wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanatazama nini. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine hayana.

Anime ni nini hasa? Si katuni tu?

Ni katuni, ndiyo, ila za Kijapani. Huko kwao hazihesabiwi kuwa mambo ya watoto peke yao. Zipo za chekechea, za wasichana wa sekondari, za watu wazima wanaorudi kazini usiku, na zipo ambazo mtoto hatakiwi kuziona kabisa. Nyingi huanzia kwenye manga, yaani hadithi za picha zinazotoka kidogo kidogo katika majarida ya kila wiki au kila mwezi. Hadithi ikishika, ndipo inapopelekwa kwenye televisheni. Kwa hiyo anime ikifika kwako, mara nyingi wasomaji wa Kijapani wenyewe wameshaichuja.

Ilianza lini?

Filamu fupi za kwanza zilionyeshwa mwaka 1917. Vita vilipopamba moto, jeshi la majini la Japani liligharimia filamu ndefu iliyotoka mwaka 1945, ambamo Momotaro, yule kijana wa hadithi za kale aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, anaongoza kikosi cha wanyama kuvamia kisiwa kinachotawaliwa na Wazungu. Ilikuwa propaganda isiyojificha. Yaani utamaduni wa taifa ulitumiwa kwa amri, na tunda lake ndilo hilo.

Mwanzo wa anime tunayoijua leo ni tarehe 1 Januari 1963, mchoraji wa manga Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy, kisa cha mtoto roboti, kwenye televisheni, nusu saa kila wiki. Ili apate nafasi hiyo aliiuza kwa bei ya chini kuliko gharama, kisha akabana matumizi kwenye michoro: mhusika anasimama tuli, mdomo ndio unaocheza, picha moja inatumika mara kumi, kamera inapita juu ya mchoro ambao haujongei. Pengo la fedha lilizibwa kwa kuuza bidhaa zenye sura ya yule mtoto roboti. Mtindo uliozaliwa na ukata huo umekuwa alama ya anime duniani, na ukata wenyewe haujaondoka, kama utakavyoona chini.

Macho makubwa, nywele za manjano, za waridi, za buluu. Ujapani uko wapi hapo?

Usiutafute usoni. Tezuka alikua akitazama filamu za Disney na maonyesho ya jukwaani ya Takarazuka, mji aliolelewa, ambako wanawake hucheza nafasi zote, za kiume na za kike. Macho makubwa yana asili huko, na yalibaki kwa sababu yanabeba hisia nyingi kwa mistari michache. Nywele za rangi nazo humsaidia mtazamaji kuwatofautisha wahusika ambao nyuso zao zimechorwa karibu sawa.

Kuna wataalamu wanaosema sura hizi zisizo na taifa ndizo zilizoirahisishia anime kuvuka mipaka: mtoto wa Roma au wa Muscat hakuona mgeni kwenye skrini. Nakubali nusu. Sura ilifungua mlango, lakini mhusika akishaingia ndani anavua viatu.

Basi utamaduni unaonekana wapi?

Hapo hapo penye viatu. Chukua Doraemon, paka roboti wa buluu aliyetumwa kutoka siku zijazo kumsaidia mtoto mvivu anayeitwa Nobita. Mbwembwe zote ni za vifaa vya ajabu vinavyotoka mfukoni mwake. Lakini tazama nyumba. Ukiingia kuna sehemu ya chini kidogo ya kuacha viatu, kisha unapanda hatua moja. Sakafu ya chumba cha Nobita ni mkeka wa tatami. Godoro linatandikwa usiku na kukunjwa asubuhi, na kabati la kuhifadhia matandiko ndilo chumba cha kulala cha Doraemon. Mama anapika, baba anarudi kachoka na tai yake, mtoto anaogopa kuonyesha karatasi ya mtihani aliyopata sifuri. Hakuna anayesimama kukueleza lolote kati ya hayo. Baada ya miaka ya kutazama, mtoto wa Jakarta anaijua nyumba ya Kijapani kuliko nyumba ya jirani yake.

Shule nayo ni hivyo hivyo. Wanafunzi hubadilisha viatu mlangoni, hufagia na kupiga deki darasa wenyewe, hubaki jioni kwenye vilabu vya michezo na muziki, na huwaheshimu waliowatangulia hata kwa mwaka mmoja tu. Mwaka wa masomo huanza Aprili, maua ya mcheri yanapochanua, ndiyo maana kila hadithi ya kuanza upya ina yale maua ya waridi yakipeperuka. Kiangazi hukijua kwa mlio wa nyenje, fataki na kimono chepesi cha pamba. Baridi hukijua kwa meza yenye joto chini yake ambayo familia nzima hujifunika miguu. (Lile la wanafunzi kula chakula cha mchana juu ya paa la shule ni chumvi. Shule nyingi za kweli zimefunga milango ya kwenda huko.)

Halafu chakula. Naruto, kijana ninja wa anime yenye jina lake, ana njaa kila saa, na kila saa anakula rameni, tambi za kwenye supu, katika kibanda kile kile cha Ichiraku. Wengi tuliiona rameni ikifuka moshi kwenye skrini miaka mingi kabla ya kujua inauzwa wapi.

Mbona mizimu na miungu imejaa hivyo?

Kwa sababu katika imani ya Shinto, ambayo kwa Wajapani wengi ni desturi kuliko dini ya kuhudhuria, mlima, mto, mti mkubwa au jiwe vinaweza kuwa makao ya kami, yaani miungu au mizimu. Husemwa kuwa kami ni milioni nane, maana yake hawahesabiki. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako mbuyu fulani hauguswi ovyo na pango fulani huingiwa kwa adabu, halioni hilo kuwa jambo geni sana.

Mfano mzuri kuliko yote ni Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001. Msichana Chihiro anajikuta akifanya kazi katika hamamu kubwa wanayokuja kuoga miungu iliyochoka. Usiku mmoja anaingia mgeni anayenuka vibaya, donge la matope linalotembea, na wafanyakazi wote wanaziba pua. Msichana ndiye anayepewa kazi ya kumwogesha. Akiwa kwenye maji anapapasa ubavuni mwa mgeni na kugusa kitu kilichomchoma kama mwiba. Wanafunga kamba, wanavuta wote kwa pamoja: inatoka baiskeli. Nyuma yake yanafuata mataka ya kila aina, lundo zima, hadi maji yanakuwa safi na mgeni anajionyesha kuwa mungu wa mto. Miyazaki amesimulia kwamba aliwahi kushiriki kusafisha mto karibu na kwake, na baiskeli ilitolewa kweli.

Katika tukio hilo la dakika chache umo usafi wa kuoga kabla ya mengine yote, umo wajibu wa kumhudumia mgeni hata akinuka, na umo uchungu wa nchi iliyojengeka upesi na kuchafua mito yake. Hakuna mhubiri. Filamu hiyo ilitwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003, na kwa karibu miaka 20 iliongoza kwa mapato katika sinema za Japani, hadi Demon Slayer ilipoipita mwaka 2020.

Mimi ni mzazi. Je, mwanangu anafundishwa dini nyingine?

Swali la haki, na huulizwa na Waislamu na Wakristo vilevile. Anime haimwiti mtu kwenye Shinto. Shinto yenyewe haina desturi ya kutafuta waumini nje. Majina ya miungu hutumika zaidi kama pambo la hadithi: ndugu wawili katika Naruto hupigana kwa nguvu zinazoitwa Amaterasu, Tsukuyomi na Susanoo, ambao ni miungu watatu wa ngano za kale. Wala hawakopi kwao tu. Neon Genesis Evangelion ya mwaka 1995 imejaa misalaba na malaika, na mmoja wa waongozaji wake alisema waziwazi kwamba waliviweka kwa kuwa vinavutia macho.

Kwa maoni yangu mzazi atafute hatari kwingine. Zipo anime zenye damu nyingi na zipo zenye kumvua msichana nguo bila sababu, na zote zinakaa rafu moja na Doraemon. Angalia umri uliopendekezwa, na kaa naye mtazame pamoja mara mbili tatu.

Je, ni picha ya kweli ya Japani?

Ni picha ya Japani inavyopenda kujiona, au inavyojiota. Vijana wengi wa Kijapani hawajawahi kushika upanga, na ninja wa kweli walikuwa wapelelezi, si watu wa kurusha moto mdomoni. Msongamano wa treni asubuhi, upweke wa wazee na vijiji vinavyobaki bila watoto huonekana mara chache kuliko vita vya roboti.

Kuhusu vita vya kweli, anime imesema mengi na imenyamazia mengi. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, mwaka 1988, inawafuata kaka na dada yake mdogo wanaokufa kwa njaa baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu, na sijui mtu aliyeweza kuitazama mara mbili mfululizo. Barefoot Gen inaonyesha Hiroshima na bomu la atomiki, nayo ilitungwa na mtu aliyenusurika pale akiwa mtoto. Lakini karibu zote humtazama Mjapani kama aliyeumizwa. Wakorea, Wachina na Wafilipino waliotawaliwa au kuuawa na jeshi la Japani hawaonekani sana. Ndiyo maana kitu kidogo tu huweza kuwasha moto: hereni za Tanjiro, mhusika mkuu wa Demon Slayer, zenye duara jekundu na miale, ziliwakumbusha Wakorea bendera ya jeshi lile, na mchoro ukabadilishwa katika toleo la Korea Kusini.

Kila kilicho ndani yake ni cha Kijapani?

Hapana. Dragon Ball ilichipuka kutoka hadithi ya kale ya Kichina ya mfalme nyani aliyesafiri kuelekea magharibi. Heidi, ya mwaka 1974, ni Uswisi mtupu. Takahata na Miyazaki walikwenda kuiona milima yenyewe kabla ya kuchora. Hata rameni ina mizizi ya Kichina.

Ilisambaaje duniani?

Kwa bei rahisi kwanza. Miaka ya 1970 vituo vya televisheni vya Ulaya vilihitaji vipindi vingi kwa fedha kidogo, na Japani ilikuwa navyo. Mwaka 1978 watoto wa Ufaransa walipagawa na roboti Goldorak. Roboti huyo huyo aliingiziwa sauti za Kiarabu huko Beirut, akaenea nchi za Kiarabu kwa jina la Grendizer. Waswahili wa Oman na wa Ghuba wanaijua njia hii kuliko sisi wa huku: wao walikua na Kapteni Majid, ambaye Japani anaitwa Tsubasa, mtoto anayeota kubeba Kombe la Dunia na anayekimbia na mpira uwanja usiokwisha. Baadaye kituo cha Spacetoon kikawa kinarusha anime kwa Kiarabu fasaha kutwa nzima.

Waliozinunua hawakuamini kila mara kwamba watoto wangeielewa Japani, kwa hiyo waliikwangua. Kisa maarufu ni cha Pokémon nchini Marekani: mhusika Brock ameshika onigiri, tonge la wali lililofungwa kwa mwani, jeupe kabisa na linaonekana wazi, huku sauti ya Kiingereza ikisema ni donati zenye jemu. Watoto hawakudanganyika kwa muda mrefu. Intaneti ilipoenea, mashabiki walianza kutafsiri wenyewe, wakaacha wali ubaki wali na kuongeza maelezo juu ya skrini. Kampuni ziliwafuata nyuma. Crunchyroll, ambayo leo ni ya Sony, ilianza kama tovuti ambako watu walipandisha video bila kibali.

Na huku kwetu? Japani ilitangulia kufika kwa magari. Bado yapo Dar es Salaam na Nairobi magari ambayo ukiyawasha yanakusemesha Kijapani, yakilalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Anime ilikuja kwa mlango wa nyuma, kupitia CD na maduka ya kujaziwa muvi kwenye flashi, kisha simu na bando. Nairobi sasa ina tamasha la NAICCON, ambako vijana huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda.

Serikali ya Japani ndiyo iliyopanga haya yote?

Hapana, ilidandia gari likiwa linaondoka. Mwaka 2002 mwandishi wa Kimarekani, Douglas McGray, aliandika katika jarida la Foreign Policy kwamba Japani iliyodorora kiuchumi imegeuka taifa kubwa kwa mvuto wa utamaduni wake, na wanasiasa wa Tokyo wakazinduka. Mwaka 2004, malori ya maji yaliyotolewa kwa msaada huko Samawah, Iraq, yalibandikwa picha za Kapteni Majid, kwa kuwa kila mtoto wa pale alimjua. Taro Aso, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje na msomaji sugu wa manga, aliitangaza anime mwaka 2006 kuwa chombo cha diplomasia. Mwaka 2008 wizara hiyo ilimteua Doraemon kuwa balozi wa anime na kumkabidhi hati rasmi. Kwenye kufunga Olimpiki za Rio mwaka 2016, Waziri Mkuu Shinzo Abe alichomoza kwenye bomba akiwa amevaa kama Mario, fundi bomba wa mchezo wa video, na aliyemtolea bomba hilo kwenye video alikuwa Doraemon.

Kulikuwa pia na fedha. Mfuko wa Cool Japan ulianzishwa mwaka 2013 kuuza utamaduni nje, na umepata hasara ya mabilioni ya yeni. Sishangai. Ofisa anayekaa mezani kuamua kipi ni cha Kijapani atachagua kimono, chai na Mlima Fuji. Mchoraji aliyekuwa anawaza wasomaji wake wa kila mwezi alichagua mtoto mvivu aliyepata sifuri, na huyo ndiye aliyezunguka dunia.

Lakini tuwe waadilifu: zipo za nyumbani mno zisizosafiri. Sazae-san, ya familia moja ya Tokyo, imerushwa kila Jumapili jioni tangu mwaka 1969 na ina rekodi ya Guinness ya kipindi cha katuni kilichodumu zaidi. Nje ya Japani ni wachache wanaoijua. Maisha ya nyumbani husafiri yakibebwa na kisa. Peke yake hubaki nyumbani.

Japani inapata nini?

Fedha nyingi. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji anime, soko lake lilifika takriban yeni trilioni 3.3 mwaka 2023, na zaidi ya nusu ilitoka nje ya nchi.

Pia inapata wageni. Karibu na Kamakura kuna kivuko cha reli kilichoonekana kwenye Slam Dunk, hadithi ya mpira wa kikapu. Kila siku watu hujipanga kusubiri treni ndogo ya kijani ipite mbele ya bahari wapige picha, hadi wakazi wamechoka nao. Your Name ya mwaka 2016 iliwapeleka mashabiki Hida, mji wa milimani, ambako maktaba ya mji inawaruhusu kupiga picha wakiomba kibali. Hekalu la Washinomiya, baada ya kuonekana kwenye Lucky Star, lilipata waumini na mashabiki takriban 300,000 kwenye sala za mwaka mpya wa 2008, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Asiyepata ni mchoraji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na chama chao, JAniCA, ulikuta wachoraji wa picha za katikati, zile zinazounganisha mjongeo mmoja na mwingine, wanapata wastani wa yeni milioni 1.1 kwa mwaka. Tokyo huwezi kuishi kwa kiasi hicho bila kusaidiwa na wazazi. Bei aliyoikubali Tezuka bado wanailipa wajukuu.

Nikitazama sana nitajua Kijapani?

Utajua sauti, salamu na matusi. Chunga hayo ya mwisho: Goku wa Dragon Ball huongea kama mtu wa shamba, na wababe wengi hutumia lugha ambayo ukimtolea bosi wa Kijapani ni sawa na kumwita mzee wako “oya wewe”. Iwe kichocheo, kisha tafuta darasa.

Nimeona bendera ya One Piece kwenye maandamano. Inahusianaje na utamaduni wa Kijapani?

Kwa sasa, kidogo sana, na hilo ndilo linalofurahisha. One Piece ni hadithi ya maharamia vijana wanaopambana na serikali fisadi ya dunia. Mwaka 2025 bendera yao ya fuvu lenye kofia ya majani ilipepea Indonesia, kisha ikatundikwa kwenye lango la makao ya serikali ya Nepal, ikafika Madagaska. Vijana wa Madagaska waliivua ile kofia ya majani na kulivika fuvu kofia ya kwao. Tokyo haikupanga hilo wala isingelipanga.

Na sisi tunaweza kufanya kama wao?

Vipaji vipo. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi, Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam, na mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka 2023 uliwapa Waafrika kutoka nchi kadhaa nafasi kwenye Disney+. Lawama yangu ni moja: kazi zetu nyingi hulazimika kufundisha, kwa kuwa mara nyingi anayelipa anataka somo la hesabu, la afya au la maadili. Nobita hafundishi. Anachelewa shule, anapigwa na Gian, mbabe wa mtaani, analia. Nangoja katuni ya mtoto wa Tandika anayetumwa chumvi dukani akaipoteza chenji, na mwisho wa kipindi asipewe funzo lolote.

Nianze na ipi?

Kama una watoto wadogo, My Neighbor Totoro. Kama hujawahi kutazama hata moja na una saa mbili, Spirited Away. Kama unapenda mfululizo mrefu, Naruto, ila ruka vipindi vya kujazia visivyotoka kwenye manga. Orodha zake zimejaa mtandaoni. Tazama kwa sauti ya Kijapani yenye maandishi ya tafsiri chini, walau mwanzoni. Grave of the Fireflies iache hadi siku ambayo kesho yake huna kazi.